Kumfundisha Katibu Mwendo

Ijumaa, 13 Juni 2025

Siku mbaya. Naandika kwa utulivu, maana mimi ni mtu mvumilivu. Miaka thelathini na minne ya ualimu na ukaguzi wa shule haimwachi mtu na papara.

Saa sita na nusu mchana nilitoka na Katibu kumfundisha kutembea na kamba. Nieleze kwanza: Katibu ni mbwa. Umri miezi mitano, rangi ya mchanga, masikio makubwa kuliko akili. Aliletwa na binti yangu Catherine kutoka Korogwe ndani ya boksi la sabuni. Nilimwita Katibu kwa sababu tangu nistaafu nimehitaji kiumbe wa kuandamana nami barabarani na kunisikiliza bila kunikatiza. Mke wangu Raheli hunikatiza.

Kosa lilikuwa la saa. Nilisahau kuwa ni Ijumaa, na barabara yetu hapa Chanika ndiyo ya kwendea msikitini. Katibu akamwona Mzee Ramadhan, kanzu nyeupe kama karatasi ya mtihani. Akampenda papo hapo. Nikavuta kamba. Naye akavuta. Mwenye miguu minne alishinda. Alimlamba mkono, akamlamba kanzu, akarudia mkono.

Kwa faida ya atakayesoma: kwa jirani zetu Waislamu mate ya mbwa ni najisi. Panapoguswa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee Ramadhan alirudi kwake kuosha na kubadili nguo. Alipofika msikitini watu walikuwa wanatoka. Hakunitukana. Alinitazama tu. Nilitamani anitukane.

Jioni nikaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa, Bi Hajira. Uamuzi wake ni huu: Ijumaa ijayo, saa ile ile, Katibu apite mbele ya msikiti akiwa na kamba, asimguse mtu. Akishindwa, haishi tena mtaani. Atakwenda shambani kwa Mbaruku kufukuza nyani kwenye mahindi.

Mbaruku ni jirani yangu, tunatenganishwa na uzio. Alikuwepo kikaoni. Alisema hana neno, hata leo yuko tayari kumpokea. Alisema haraka mno. Nimeliandika hilo.

Jumamosi, 14 Juni

Katibu alichomoka na kamba yake saa moja asubuhi. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Na aliyemrudisha ni nani? Mbaruku! Mtu wa udhu, asiyemgusa mbwa hata kwa ncha ya fimbo! Alishika mwisho wa kamba kwa vidole viwili, koti lake kuukuu la kahawia limefungwa hadi shingoni, na Katibu anatembea ubavuni mwake kama mwari siku ya kutolewa nje. Kamba imelegea. Imelegea kabisa!

Raheli akasema maskini Mbaruku, kahangaika asubuhi yote hii. Akampa chai na mihogo ya kukaanga. Mimi sikupewa. Nilikuwa nimeshakunywa, lakini hilo si hoja.

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, amefanyaje. Akasema mbwa akivuta yeye husimama, akilegeza yeye huenda. Basi. Nikamweleza kwa upole kuwa hiyo si mbinu. Mwalimu hamsubiri mwanafunzi. Ukimsubiri, nani anamfundisha nani? Akanywa chai yangu, akacheka.

"Mtani, nyie Washambaa mmezoea kupanda milima mmeng'ang'ania kamba. Huku ni tambarare. Legeza."

Mbaruku ni Mzigua, mimi Mshambaa wa Mpale. Sisi ni watani, kwa hiyo ana ruhusa ya kusema hivyo. Nikamwambia nimesikia, na ushauri wa mtu anayelima ili nyani wale lazima uzingatiwe. Raheli alicheka ya Mbaruku kuliko ya kwangu.

Katibu alimsindikiza hadi kwenye uzio. Akabaki pale amekaa, kanipa mgongo. Nusu saa nzima. Nilikuwa na saa mkononi.

Jumatatu, 16 Juni

Kazi bila mpango ni kelele. Jana baada ya ibada niliandaa andalio la somo: dhumuni kuu, madhumuni mahususi, zana, hatua, tathmini. "Ifikapo mwisho wa kipindi, mbwa aweze kutembea hatua ishirini kushoto kwa mwalimu." Leo asubuhi nilimsomea Katibu lote. Alikula ukurasa wa tathmini.

Mbinu ya leo: kamba nimefunga kiunoni, ili mikono ibaki huru kushika andalio. Tulianza vizuri. Hatua tatu. Kisha kuku akapita akielekea kwa Mama Pendo, muuza uji wa hapa kona.

Goti la kulia limechubuka. Meza ya uji ilikuwa na mguu mmoja mbovu tangu zamani, kila mtu anajua. Mama Pendo alinisaidia kuinuka, akanifuta uji shingoni kwa khanga yake, akasema shikamoo mwalimu. Kisha akauliza kwa heshima zote kama ni mimi ninayemtembeza mbwa ama. Hakumalizia. Wateja walimalizia.

Hayo nayavumilia. Kilichonichoma ni mteja mmoja aliyesema mbona Mzee Mbaruku akipita naye asubuhi mbwa anatulia tuli.

Asubuhi! Kumbe anapita naye! Asubuhi zipi?

Jumanne, 17 Juni

Upelelezi. Saa kumi na mbili kamili nilijibanza kwenye minyaa ya uzio. Saa kumi na mbili na nusu Katibu akapenya tundu lililo chini, kwa hiari yake mwenyewe, huku akiiburuta kamba. Hakuitwa! Upande wa pili Mbaruku alikuwa anamngoja na koti lake.

Wakaenda hadi kisimani na kurudi. Niliona yote. Katibu akivuta, Mbaruku anasimama kama nguzo ya umeme, anatazama mawingu. Katibu anageuka kumtazama, kamba inalegea. Mbaruku anatia mkono mfukoni, kitu kidogo kinaanguka chini, safari inaendelea. Na anaongea naye! Nilimsikia akimsimulia mahindi yalivyobeba. Katibu alisikiliza mpaka mwisho. Mimi hajawahi kunisikiliza sentensi iliyopita nukta ya kwanza.

Nilijisogeza ili nione vizuri zaidi. Tawi likavunjika, utomvu wa minyaa ukaniingia jichoni. Msomaji asijaribu.

Raheli aliniosha kwa maji mengi, akauliza nilikuwa nafanya nini ndani ya uzio alfajiri. Nikasema natafuta mayai. Akasema kuku wetu hawatagi huko. Nikasema ndiyo maana sikuyaona.

Akaosha tena. Halafu akasema, "Baba Catherine, wewe una wivu."

Nikamweleza tofauti kati ya wivu na uchungu wa kitaaluma. Ziko nne. Alisinzia kwenye ya pili.

Alhamisi, 19 Juni

Jana sikuandika, jicho lilikuwa limefumba. Lakini jicho likifumba akili hufumbuka. Nimegundua!

Mbwa huongozwa na pua. Hilo ni la sayansi, halina ubishi. Basi Katibu hamfuati Mbaruku. Anafuata koti la Mbaruku. Mtu mwenyewe hana mchango wowote.

Mchana Mbaruku alilitundika koti kwenye uzio akapasue kuni. Nililichukua.

Asiseme mtu kwamba ni wizi. Mtani anaweza kuingia kwa mtani wake akachukua kofia, jembe, hata jogoo, na mwenye mali haruhusiwi kudai wala kununa. Akinuna ameua utani. Wazee wetu waliuweka baada ya vita vyao ili watu wacheke badala ya kukatana mapanga. Kwa hiyo nilipoondoka na lile koti nilikuwa nadumisha amani.

Nikapekua mifuko. Dagaa! Vichwa vya dagaa, konzi nzima! Kumbe ndicho kile kilichokuwa kinaanguka. Rushwa! Mimi katika miaka yote ya ukaguzi sikupokea hata ndizi moja, na huyu anamhonga mwanafunzi wangu hadharani. Nikavimwaga vyote kwa kuku. Harufu nimeiacha. Harufu si rushwa.

Jioni nikafanya majaribio uani. Katibu alitembea nami mizunguko sita, pua kwenye mfuko wa koti, kamba imelegea. Nilitokwa na machozi. Jicho bado halijapona.

Raheli alitazama kutoka jikoni. Akauliza kama Mbaruku anajua lilipo koti lake. Nikasema kesho atajua, na watu wote watajua.

Ijumaa, 20 Juni

Lazima niandike kwa mpangilio.

Saa sita na nusu tulifika barabarani. Jua kali. Koti linanibana kwapani. Bi Hajira amesimama kwenye kibaraza cha duka, watu wanaelekea msikitini. Tukapita. Mzee Ramadhan alipotuona alikunja kanzu hadi magotini, akajibana ukutani. Katibu hakumtazama! Hatua ishirini, thelathini, hamsini! Tukageuka, tukapita tena. Bi Hajira akapiga makofi, akasema imetosha, amefaulu, mbwa ni wako, nenda nyumbani mzee ukapumzike.

Hapo ningekwenda nyumbani. Narudia: hapo ningekwenda nyumbani.

Lakini Mbaruku alikuwa ameshaingia ndani ya msikiti, hakuona. Nifaulu asione? Nikangoja. Khutuba ikaisha, swala ikaisha, mimi nimesimama na koti, jasho linatiririka, Katibu ameketi miguuni pangu. Watu wakatoka. Mbaruku akatoka katika kanzu safi. Akamtazama Katibu, akanitazama mimi, akatazama koti.

"Mtani, hilo koti ni langu."

Hakusema kwa ukali. Lakini watu walisimama, na nikaona ni nafasi nzuri ya kuelimisha. Nikapanda kwenye kibaraza kando ya Bi Hajira. Nikaeleza utani kwa kirefu: chanzo chake, nafasi yake kwenye misiba, haki ya kuchukua, marufuku ya kununa. Nikatoa mifano mitatu ya Mpale na miwili ya Handeni. Nikauliza kama kuna swali. Mzee Ramadhan akasema mwalimu amenena kweli tupu, hata babu yake alichukuliwa beberu na akacheka. Nikahitimisha kwamba kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi, na anayekidai ameua utani mbele ya mashahidi.

"Hakidaiwi kabisa?" Mbaruku aliuliza.

"Kabisa."

"Hata kiwe kitu gani?"

Nikasema hata kiwe kitu gani. Nilisema kwa sauti, ili walio nyuma wasikie.

"Haya. Mimi nimechukua mbwa."

Hakumgusa. Hakushika hata kamba. Alisema tu twende tukaone mahindi, akaanza kutembea. Katibu akanusa mfuko wangu mara moja. Ulikuwa mtupu. Akamfuata, kamba inachora mstari kwenye vumbi.

Nikamtazama Bi Hajira. Akasema yeye alihukumu habari ya mwendo tu, mambo ya utani hayako kwenye mamlaka ya serikali ya mtaa. Watu walikuwa wanacheka na kunitazama kama nitanuna.

Nikacheka. Nilicheka hadi nyumbani, maana walinisindikiza.

Jumatatu, 23 Juni

Uani kimya. Nimejikuta nikieleza mambo kwa jogoo.

Asubuhi nilikwenda shambani kwa Mbaruku, mwendo wa saa moja kwa miguu, nirudishe koti. Hakulipokea. Alisema tumeshabadilishana. Katibu alinilaki mbali, akanirukia, akanilamba masikio yote mawili. Sikumkemea. Tukakaa chini ya dungu la kulindia nyani, nikaanza kumweleza habari za mtaani. Mbaruku akapiga mluzi toka ng'ambo ya shamba. Katibu aliondoka katikati ya sentensi.

Nikawatazama wakizunguka shamba. Mahindi yako salama, nyani wamehamia kwa watu wengine. Hakuna kamba. Hakuna koti. Hakuna hata dagaa, niliangalia. Mzee anatembea, mbwa anatembea, basi.

Mbaruku aliniletea hindi la kuchoma, akakaa karibu yangu. Safari hii hakutania.

"Mwalimu, ungelegeza tu kidogo. Alikuwa anakupenda."

Hindi lilikuwa na moshi, nikawa na kazi ya kufuta macho. Nilipomaliza nikamshukuru, kisha nikamweleza kwa nini kulegeza hakuwezi kufanya kazi, kwa kanuni. Alisikiliza yote. Ni msikilizaji mzuri, nakiri. Katibu alilala juu ya viatu vyake.

Jioni nimempigia simu Yordani wa Magoma, mwalimu mwenzangu wa zamani. Mbwa wake amezaa. Nimeagiza wawili.

Raheli akauliza, mmoja amenishinda, wawili wa nini. Nikamkalisha nikamweleza. Kosa halikuwa kwenye mbinu. Katibu alikuwa peke yake, hakuwa na wa kushindana naye. Wakiwa wawili, leo nitampenda huyu, kesho yule. Wataoneana wivu. Watagombania kunifuata. Wivu ni zana bora ya kufundishia, na inasikitisha kwamba sijawahi kuiona ikitumika kwa manufaa.

Hakunikatiza hata mara moja. Aliinuka tu, akaenda kuziba tundu la uzio.

Nimeanza kusokota kamba mbili za katani. Fupi, na nene kuliko ile ya kwanza. Hizi hazilegei.