Jenereta Yangu, Mama Mkwe na Fundi wa Nguzoni

Leo nimeaibika, jamani. Tena mbele ya mama mkwe. Naandika nikiwa nyuma ya nyumba, maana sebuleni sina uso wa kuingia.

Nianze na jenereta. Niliinunua kwa mchimbaji mmoja aliyefunga duara lake, shimo la dhahabu, na kurudi kwao. Kwa miezi mitano hapa mtaani Katoro hakuna ambaye sijamwambia habari zake. Umeme ukatike usikatike, mimi sina shida, nina mashine yangu. (Sikuwahi kuiwasha hata siku moja. Ilikuwa stoo, imefunikwa turubai, inaheshimika.)

Halafu kuna mama mkwe. Amekuja juzi kutoka Samuye kuwaona wajukuu zake, Kulwa na Doto. Sisi Wasukuma mkwe haonani na mkwewe hivi hivi. Nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma kwenda jikoni. Nikimwamkia shikamoo, namwamkia kwa mbali nikiangalia chini. Akiwa na neno na mimi, analipitisha kwa mke wangu. Miaka minane ya ndoa tumeishi hivyo, na nilikuwa najisifu kwamba hakuna mkwe mwenye adabu kama mimi.

Leo saa nane mchana umeme ukakatika. Kawaida tu, ila mke wangu ana mashine ya kutotoleshea vifaranga, na mayai yamefika siku ya kumi na nane. Zimebaki siku tatu yapasuke. Mayai si yetu peke yetu, ni ya akina mama wa jumuiya yao, kila mmoja kaleta trei yake. Yakipoa, yamekufa. Mama Kulwa alinitazama, na mimi nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Siku yangu ilikuwa imefika.

Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo jenereta nikaiweka koridoni, mlango nikauacha wazi kidogo. Kutoka jikoni nikasikia mama mkwe ananong'ona, halafu mke wangu akaja.

"Mama anasema moshi utatuua. Itoe nje."

"Mwambie mama mlango uko wazi."

Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Nikavuta mpaka shati likalowa. Baba Neema, jirani yangu wa bodaboda, akaja na mwavuli kuangalia. Wakaja na wengine wawili. (Hawa ndio niliokuwa nawatambia.) Nikafungua plagi ya injini, nikaipuliza, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Nikawaeleza kwamba mafuta ya siku hizi yamechakachuliwa.

Mke wangu akaja tena. "Mama anauliza kama umepima oili."

"Mwambie hii ni ya kisasa. Haipimwi oili ovyo ovyo."

Jikoni pale ni hatua nne, kila neno alilisikia mwenyewe.

Mvua ikakatika. Mimi naendelea kuvuta. Mama Kulwa akaenda kugusa mayai, akarudi macho yamelowa. Hapo ndipo mama mkwe alipotoka jikoni. Akajitanda khanga kichwani vizuri, akaja moja kwa moja mpaka koridoni, akasimama mbele yangu. Mimi nikaangalia ukuta.

"Baba Kulwa, unisamehe," akasema. "Lakini mayai hayajui ukwe. Sogea."

Nikasogea.

Yeye na binti yake wakaibeba jenereta mpaka nje kabisa, mbali na madirisha, wakaiweka kwenye matofali chini ya kibanda cha kuku, bomba la moshi likielekea barabarani. Mama akaangalia kama imekaa sawasawa, haijainama. Akafungua kifuniko, akatoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakiingiza, akakitoa. Kikavu. Akakiinua ili nikione, na Baba Neema naye akaona.

"Oili hakuna. Mashine ya namna hii ikikosa oili inakataa kuwaka, isijiue. Yenyewe ina akili."

Hakusema ni nani asiye nayo. Baba Neema akakimbia kuleta chupa ya oili ya pikipiki. Mama akamimina taratibu, akapima, akaongeza kidogo, akapima tena. Akafungua koki ya mafuta. Akavuta choki. Kamba akaivuta mara moja tu, kwa mkono mmoja, mwingine umeshika khanga.

Ikaunguruma.

Nilisahau kuangalia chini. Nilikuwa namtazama tu, mdomo wazi. Akarudisha choki, akasikiliza mlio ameinamisha kichwa, akasema iachwe ipate moto kwanza ndipo ibebeshwe mzigo. Mke wangu akaninong'oneza kwamba baba yake alipofariki, mama alikuja huku machimboni, na jenereta ya kupeleka hewa na kuvuta maji duarani aliiendesha yeye miaka sita. Wachimbaji walikuwa hawashuki mpaka wamwone yuko zamu.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Mimi miaka yote nilidhani alikuwa mama lishe. Nimemheshimu mtu mpaka sijawahi kujua alifanya kazi gani.

Basi, ningeachwa hapo ningepona. Lakini mama akauliza, "Waya wa kuunganishia uko wapi?"

Nikaona nafasi ya kurudisha heshima. Nikakimbia stoo, nikaleta waya nilioutengeneza mwenyewe, una plagi huku na plagi huku. Nikampelekea kwa mikono miwili.

Akaugeuza. Akaangalia upande mmoja, akaangalia wa pili.

"Huu ulitaka kuuchomeka wapi?"

"Kwenye soketi ya ukutani, mayu. Umeme uingie nyumba nzima."

"Hauishii kwenye nyumba. Unatoka na nyaya za nje unarudi mpaka kule." Akaonyesha kwa kidevu.

Mwisho wa mtaa wetu, gari la mafundi wa umeme lilikuwa limeegeshwa. Juu ya nguzo kulikuwa na kijana mwenye kofia ya njano, kajifunga mkanda, mikono yote miwili iko kwenye nyaya zetu. Alikuwa anapiga mluzi.

Hakuna aliyecheka. Hata Baba Neema. Nilihesabu kichwani mara nilizoivuta ile kamba, moja moja, kila mara nikimwomba Mungu mashine iwake. Nikakaa kwenye tope, suruali ya kitambaa na yote.

Mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alichukua kisu chake cha mboga, akanipa, akasubiri. Nikaukata waya wangu vipande vitatu mbele ya mtaa mzima. Kisha akavuta ekstensheni kutoka kwenye jenereta, akaipitisha dirishani mpaka kwenye mashine ya mayai, taa nyekundu ikawaka. Mama Kulwa akaweka kiganja juu ya mfuniko, akamshukuru mama yake, "wabeja, mayu," akaanza kulia vizuri.

Saa kumi umeme ukarudi. Mayai salama. Na kwa mara ya kwanza nimemwomba mama mkwe, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, anifundishe. Kasema kesho asubuhi tutaanza na usafi wa chujio la hewa, na niache kuvaa shati jeupe.

Yule fundi aliposhuka alipita hapa kwetu kuomba maji ya kunywa. Kijana mzuri, mke wake anampigia simu kila dakika. Maji sikumpa. Nimemnunulia soda mbili baridi na maandazi, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamshika mkono muda mrefu mpaka akaanza kunitilia mashaka.

Hajui kwa nini. Mkikutana naye, naomba asijue.