Taa Moja, Kigingi Kimoja na Sale Langu

Jumanne, 8 Julai

Gari la matangazo la manispaa limepita. Limepita mbio kama linamfukuza mwizi! Nimesikia "wananchi wa Shirimatunda mnatangaziwa", nikasikia "taa za sola", basi, likakata kona. Nikamfunga Tabitha mgongoni, nikalifuata mpaka kwenye kalavati. Huko ndiko nimepata nusu ya pili. Kichochoro chetu kinapewa taa. Moja tu. Kikao kesho, ofisi ya mtaa.

Narudi nyumbani, mtori wangu wa ndizi na nyama umeshika chini ya sufuria. Sikujali. Taa!

Lazima isimame getini kwangu. Sasa hivi kila jioni nabeba sufuria, jiko na mtoto mpaka kijiwe cha bodaboda, maana huko ndiko kwenye mwanga na walaji wa mtori. Na upepo wa Julai unaoshuka mlimani haumjui mtoto wala mkubwa. Tabitha anakohoa. Kliniki wamesema asikae kwenye baridi na vumbi. Nikamuuliza nesi nimwache na nani, baba yake yuko mlimani kabeba mizigo ya wageni. Akasema yeye anaandika dawa, haandiki yaya.

Taa ikiwa getini, nitauzia getini. Mtoto atalala ndani, nitamsikia hata akigeuka. Ni hilo tu ninalotaka katika dunia hii.

Kikwazo: Mama Efraimu, wa duka la ng'ambo ya njia. Ana balbu yake kabisa, huizima akifunga, na bado anaitaka taa! Anasema balbu inakula luku.

Jumatano, 9 Julai

Mbinu ya leo ilikuwa nzuri sana. Kabla ya kikao nimempelekea mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Filemon, bakuli la mtori. Si rushwa. Ni chakula. Nikamwongeza la pili. Akanishukuru, akasema binti kama mimi ni wachache.

Kikao kikaanza. Kila mtu akaitaka taa kwake. Mmoja alisema ana ng'ombe anaogopa giza. Mama Efraimu akasimama na kitenge cha kwaya, akasema duka lake linahudumia jamii. Nikasubiri Mzee Filemon anitetee. Namtazama: amelala! Shibe! Kichwa kimeangukia kifuani, anakoroma taratibu. Nimemlaza mwenyewe kwa mikono yangu.

Akaamka mwishoni, akasema mahali pa taa wataamua wataalamu. Watu wakapiga makofi. Mama Efraimu akanipitia akasema mtori wangu mzuri, unaleta usingizi mnono.

Ijumaa, 11 Julai

Mtaalamu amekuja. Kijana ana viatu visafi na futi ya kamba. Amepima huku, amepima kule, kisha amegonga kigingi chekundu pembeni ya ua wa Mama Efraimu. Wa Mama Efraimu!

Nilimfuata. Nikamweleza habari ya kikohozi cha mtoto. Tabitha naye akakohoa pale pale, kama tumefanya mazoezi. Mtaalamu akanijibu kwa upole kwamba taa haitibu kifua. Mama Efraimu akamletea soda ya baridi. Amempa na mrija!

Mafundi wanakuja Jumatatu kuchimba penye kigingi.

Penye kigingi. Hilo neno sijalisahau mchana kutwa.

Jumamosi, 12 Julai

Mama Efraimu huenda mazoezi ya kwaya kila Jumamosi. Alipopotea tu kwenye kona, nilitoka na mundu, mtoto mgongoni, nikijifanya nakata majani ya ng'ombe. Dereva wa bodaboda akasimama kuniuliza nina ng'ombe tangu lini. Nikamwambia nategemea kupata.

Nikakichomoa kigingi. Kilitoka kama karoti. Nikakipigilia getini kwangu kwa jiwe, nikakisawazishia na udongo. Safi!

Saa ya kuanua nguo, natoka: kigingi hakipo. Kimerudi kwenye ua wake, na pembeni amefagia. Mwenyewe amekaa dukani anaimba sauti ya kwanza. Hakuniangalia. Mwanamke wa kutisha.

Nikihamisha tena, atarudisha tena. Tutafika Jumatatu kigingi kimekwisha ncha. Nahitaji kitu ambacho hawezi kukigusa.

Jumapili, 13 Julai

Nimepata! Nimepata nikiwa kanisani, katikati ya mahubiri, Mungu anisamehe.

Sale!

Mchagga gani anang'oa mmea wa sale? Likipandwa, mpaka umewekwa. Hata watu waliogombania kihamba, shamba la ukoo, mpaka mahakamani, sale hawaligusi. Mama Efraimu anaogopa laana kuliko anavyoogopa TRA.

Baada ya misa nikapanda kwa mama, Kirua Vunjo. Nikamwomba sale lenye mizizi, refu, lenye heshima. Akaniuliza nimegombana na nani. Nikasema ni la urembo. Akasema tangu azaliwe hajaona mtu anayejiremba kwa sale, ila akalichimba, akalifunga kwenye kiroba, na ndizi mbivu za mjukuu wake juu.

Jioni watu wakiwa wanakula, nikakihamisha kigingi tena, nikapanda sale limekikumbatia. Mama Efraimu akatoka na ufagio. Akaliona. Akarudi ndani kinyumenyume!

Nimemshinda. Nimemwimbia Tabitha mpaka akalala. Kesho, mwanangu, tuna taa.

Jumatatu, 14 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Mafundi wamekuja asubuhi na nguzo kwenye gari. Msimamizi wao anaitwa Thadeus, mtu wa Uru, mabega kama mlango. Mzee Filemon alikuwepo, na Mama Efraimu, na nusu ya kichochoro. Thadeus akafuata kigingi, akainua sururu. Akaliona sale.

Akaishusha sururu. Akavua kofia!

Akauliza hili ni sale la mpaka au la kaburi. Watu wote wakanitazama mimi. Ningesema nimelipanda jana, wangeniuliza kigingi kilifikaje hapo jana. Nikasema la mpaka wa babu yake Fabian, mume wangu. Mzee Filemon akakohoa. Akasema babu yake Fabian aliishi na kufa Kirua, huku hakuwahi kuja hata kunywa mbege, na hapa palikuwa shamba la mahindi, yeye Filemon mwenyewe akilipalilia.

Nikasema basi ni kaburi.

Thadeus akarudi nyuma. Akauliza la nani. Ulimi ukanitangulia: la mbuzi.

Mtu mmoja nyuma akauliza kama mbuzi alikuwa amebatizwa.

Nikaona niliokoe jambo. Nikasema nitaling'oa mwenyewe, sasa hivi. Thadeus akanisihi kwa mikono miwili nisithubutu, angalau yeye akiwa hajaondoka, ana watoto wadogo. Akatoa ramani kwenye gari, wakapima upya, na ramani ikaonyesha ua wa Mama Efraimu. Kufika mchana nguzo imesimama. Kwake!

Kumbe nililotaka lisiguswe na adui, na rafiki naye hawezi kuligusa. Sikulifikiria hilo. Nani angelifikiria?

Jumanne, 15 Julai

Taa imewaka yenyewe jua lilipozama. Nzuri sana. Inamulika duka lote, inamulika mpaka paka wa Mama Efraimu. Mwanga unaokuja upande wangu unaliwa na kivuli cha mparachichi wake. Getini kwangu giza limezidi hata la mwanzo.

Nikabeba sufuria, jiko na mtoto, nikaenda kijiweni. Upepo ukauzima moto mara kwa mara. Tabitha akakohoa mpaka akatapika maziwa kwenye kanga, na macho yake yakanitazama kama ananiuliza kitu. Nikafunga biashara mtori ukiwa nusu. Njiani nikawa naongea peke yangu. Getini nikasimama mbele ya sale langu.

Kuna kazi nyingine ya sale. Kila mtoto wa Kichagga anaijua. Sikutaka kuikumbuka.

Jumatano, 16 Julai

Nimechuma jani moja, nimelifunga fundo kama mama anavyofunga, nimevuka njia. Tabitha mgongoni.

Nikamwamkia Mama Efraimu shikamoo, nikampa jani kwa mikono miwili. Ukiletewa sale la msamaha huwezi kulikataa, hata kama mtu amekuchomea nyumba. Aliliangalia jani. Akaniangalia mimi. Akauliza ni la kwenye kaburi la mbuzi? Nikasema ndiyo, mama. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Akacheka mpaka akakalia gunia la sembe.

Kisha akasema tangu lini mtu anaomba taa kwa kuiba kigingi, kwa nini sikuvuka njia nikamwambia mtoto anaumwa. Nikasema nilimwambia mtaalamu. Akasema mtaalamu ananyonyesha?

Akaniamuru nilete sufuria yangu chini ya taa kila jioni, na mtoto alale dukani nyuma ya kaunta, kuna joto la friji na haliingii vumbi. Yeye apewe bakuli la kwanza, lenye nyama. Nikalia kidogo. Nikasema ni vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Alhamisi, 17 Julai

Jioni ya kwanza chini ya taa. Mtori umeisha mapema! Watu wametoka mpaka mtaa wa pili. Tabitha amelala nyuma ya kaunta kafunikwa kitenge cha kwaya, hajakohoa ila kidogo. Kila nikigeuka namwona kidole gumba chake.

Fabian amerudi kutoka mlimani, midomo imepasuka kwa baridi. Amekula bakuli juu ya bakuli. Kisha akauliza sale la nini getini, amekutana na watu watatu wanampa pole ya mbuzi. Nikasema ni hadithi ndefu. Akasema niling'oe kabla mama yake hajaja.

Nimeling'oa. Nimeliloweka kwenye ndoo. Getini pamebaki peupe, udongo laini, pazuri. Manispaa wakileta taa ya pili, hawatapata kisingizio.

Nimekuwa mtu mzima sasa. Ujanja basi.

Ijumaa, 18 Julai

Gari la matangazo! Safari hii sikukimbia. Nilitembea haraka tu. Kila kichochoro kinapata kizimba cha taka, ili mji wetu uzidi kuwa msafi. Jambo jema. Nikashangilia na wenzangu.

Mchana akaja mtaalamu yule yule, viatu visafi vile vile. Akatembea kichochoro chote anatikisa kichwa. Pale kuna mtaro, pale kuna nguzo, pale kuna ua. Akafika getini kwangu, akabonyeza udongo kwa kiatu, akasema hapa pameshatifuliwa, hapana mpaka, hapana kaburi. Akagonga kigingi chekundu ndani ya shimo la sale langu! Hata nyundo hakuihitaji sana.

Taka za kichochoro kizima! Mlangoni kwa mtoto mwenye kifua!

Mama Efraimu alicheka mpaka akashika nguzo ya taa. Akanishauri niende manispaa Jumatatu nikaongee nao vizuri, atanisindikiza, ataongea yeye. Nikamshukuru. Mama mwema sana.

Lakini mpaka Jumatatu ni mbali, na kesho Jumamosi ana kwaya.

Nimeshapatazama mahali. Pale pale penye nguzo, upande wa ua wake. Mwanga upo, watu wataona vizuri pa kutupia, na mimi nikiwa na sufuria yangu hapo kila jioni nitahakikisha hawatupi ovyo. Sijui kwa nini mtaalamu hakuliona hilo, na elimu yake yote.

Mama Efraimu atakasirika kidogo. Hilo najua. Lakini nimechungulia kwenye ndoo: sale halijanyauka, na bado lina majani mengi.