Ombi la Kufutiwa Somo la Kumsikiliza Mtumiaji

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: KUFUTWA KWA SOMO LA LAZIMA LA KUMSIKILIZA MTUMIAJI

Salamu nimeziruka makusudi, kwani ndizo zilizonifikisha hapa. Mimi ni mwanafunzi wako wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa programu, yule wa dawati la nyuma anayebisha kila kitu. Masomo mengine yote nimefaulu. Limebaki hili moja, linalotaka nitengeneze programu, mtu asiye mtaalamu aitumie kazini kwake, kisha yeye mwenyewe aje kwako aseme imemsaidia. Asiposema, mahafali nitayasikia kwa jirani. Mke wangu ameibeba nyumba peke yake tangu nianze kusoma, na nguo ya kuvaa siku hiyo ameshashona. Sina uso wa kumwambia asubiri tena.

Mtumiaji niliyempata ni mama mkwe wangu, fundi cherehani. Nilimtengenezea programu ya kutunza vipimo vya wateja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Programu ilipofunguka tu, ilimwomba neno la siri. Mama akashusha miwani, akataka kujua ni nani huyu asiyesalimia, anaanza na siri za watu. Nikamweleza kwamba ni mashine. Akasema mashine haikujileta, kuna aliyeituma. Kisha akanitazama.

2. Somo linaagiza mtumiaji akilalamika asibishiwe, aulizwe anataka nini na arekebishiwe. Mama mkwe naye habishiwi. Kwa hiyo nimefungwa mikono na idara na ndoa kwa pamoja! Nikaweka "Habari za asubuhi". Jioni ikamwamkia vilevile, akasikitika kwamba mkwe wake kamletea mashine iliyolala fofofo. Nikarekebisha. Akataka pia imwulize mguu wake unaendeleaje, maana ndio unaokanyaga cherehani kutwa nzima. Nikaweka. Ila nafasi ya jibu niliiacha finyu, na mguu wa mama una historia ndefu. Ikamkatiza katikati. Siku hiyo nilirudi kwangu bila kupewa hata maji ya kunywa.

3. Alipokosea kuingiza kipimo cha mteja mmoja, skrini iliwaka nyekundu ikaandika: KOSA! KIUNO BATILI. Mteja alikuwa amesimama palepale. Mteja, mama wa watu, akajitazama, akakunja kitambaa chake, akaondoka bila kuaga. Mimi maneno hayo niliyaona ya kitaalamu kabisa.

4. Sasa kompyuta imefunikwa shuka, na juu yake pamewekwa pasi. Vipimo mama anavitunza kichwani kama zamani. Nikimwuliza kama programu inamsaidia, ananijibu kwa upole kwamba inamsaidia sana, pasi imepata mahali pa kukaa. Je, nimlete ofisini kwako aseme hivyo?

Naomba basi somo hili lifutwe. Ikishindikana, mtumiaji awe mwanafunzi mwenzangu, ambaye hana mguu unaouma na hatarajii kusalimiwa na yeyote. Hilo nalo likishindikana, watumiaji ndio wasomeshwe shahada hii, sisi tukae pembeni tuwasahihishe. Programu yangu haina tatizo hata moja, wenye hitilafu ni binadamu. Tangu lini chombo cha kazi kikamjulia mtu hali? Mtu mwenye akili timamu anataka jibu, hataki kubembelezwa.

Nisalimie walimu wote, katibu wako, mlinzi wa getini, na yule fundi umeme aliyetuokoa siku ya mtihani.

Ni mimi, mwanafunzi wako msumbufu lakini mwenye adabu,
Baba Mapacha

N.B. Barua hii nilitaka kuituma kupitia mfumo wa malalamiko wa idara. Ukaniomba neno la siri, nikaandika. Ukawaka mwekundu: KOSA! MLALAMIKAJI BATILI. Nikajaribu tena, ukanifungia nje. Mkuu, nilisimama nikaugombeza kwa sauti, nikiuuliza umelelewa na nani, hata salamu hujui! Mapacha walikimbilia kwa mama yao. Mke wangu akaja akanikumbusha, taratibu tu, kwamba mfumo huo niliuunda mimi muhula wa kwanza, nikapata alama za juu kuliko darasa zima, na kwamba hakuna mtu hata mmoja niliyemwuliza anataka nini. Niliona aibu.

Kwa hiyo barua nimeileta kwa miguu, na nakuomba usiifanyie kazi. Somo libaki, ila uniongezee muda kidogo. Kesho naenda kwa mama mkwe, na kompyuta siigusi. Nitaketi, nitamwuliza habari za mguu, na safari hii nitamwacha amalize.

Na wewe Mkuu, hujambo? Ule mgongo unaokusumbua unaendeleaje?