Pua ya Mjukuu Wangu Imenifukuzia Wateja

Mwalimu wa Darasa la Sita,

Huna haya! Salamu nitakupa mwishoni, ukizistahili. Nilikukabidhi mjukuu umfundishe kuandika, wewe ukamfundisha kunusa.

Mimi ni dobi. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini barua hii naiandika kwa mkono wangu, usije ukasema nimetumwa. Kwa heshima, soma malalamiko yangu ukiwa umekaa.

1. Uliwaambia watoto kwamba insha isiyo na harufu, sauti wala ladha ni maji ya kunawa. Haya. Mjukuu wangu akaandika "Kazi ya Bibi Yangu", nawe siku ya wazazi ukampa kipaza sauti. Mtaa mzima ukasikia kwamba koti jeupe la muuza dawa linanuka samaki wa jana, na soksi za kinyozi zikitiwa kwenye beseni, maji yanaguna. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Kinyozi hakucheka.

2. Mkuu wako wa shule. Mtoto alisoma kwamba shati lake la Ijumaa lina harufu tamu ya waridi, imejificha kwenye kola. Ukapiga makofi! Mkewe hukumwona pale mstari wa mbele? Mama yule manukato humpigisha chafya tangu usichana wake. Sasa mkuu analala ofisini na shati analifua mwenyewe.

3. Dobi ni kama daktari: anajua, hasemi. Mimi namjua mtu mzima hapa mtaani anayekojoa kitandani, na sikumwambia hata marehemu mume wangu, ingawa alinibembeleza sana. Leo wateja wananipita wamekumbatia mafurushi yao kama wanaficha mwizi. Kambani limebaki gauni langu, linapepea peke yake. Tutakula insha?

4. Nyumbani nako hakukaliki. Uji unapoa akiusikiliza. Juzi kalamba sabuni ya mche, eti na ulimi uandike, akatapika povu. Na mikono hii iliyomlea kaiita "nguo iliyosahaulika majini". Mimi!

Kwa hiyo nadai aandike kama tulivyoandika sisi: "Nguo zilikuwa chafu. Bibi alizifua. Zikatakata." Hapo umekosa nini? Kama pua lazima iandike, iandike maua, kama pua za watu wenye adabu.

Basi, msalimie mama yako, walimu wenzako, na mlinzi wa geti, ambaye kuhusu nguo zake nanyamaza. Mkuu mpe pole.

Ni mimi,
Bibi wa mwanafunzi wako, dobi mpaka leo; kesho sijui.

Nyongeza: Nilikuwa nagundisha bahasha, akaingia mjane wa seremala na koti la kazi la marehemu. Kumbe kwenye insha ile mtoto alisema koti hilo lilikuwa likija kwangu linanuka maranda ya mbao na gundi ya moto, na mfukoni lina msumari uliopata joto la mtu. Nikanyoosha mkono nilipokee. Akalivutia kifuani. "Usilitie maji, dada yangu. Mtoto aliandike lote. Harufu imeanza kuondoka."

Koti liko kitini. Mtoto ameandika mistari mitatu, amekwama, analia, na mimi hapo sina msaada. Nimefunga madirisha yote. Acha unachofanya, mwanangu, uje sasa hivi umwelekeze.