Miale ya Chumba cha Mitambo

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimepata dawa ya uhamisho! Miaka minne naomba Taveta, nikae Mahoo na mke wangu Wakio na watoto, na Madam Ndila, meneja wetu, hujibu kwamba ofisi ya kule imejaa. Sasa karani mmoja wa kule anastaafu. Nafasi moja tu! Jana nimesoma kwenye simu kwamba miale ya umeme inashukiwa kuleta saratani. Na nyuma ya ukuta wetu kuna nini? Chumba cha mitambo ya kompyuta, kinavuma kutwa! Barua tayari. Nimesema naogopa kufa.

Jumatano, 5 Machi
Barua ya mtu mmoja huonekana uvivu. Nikamweleza Kasyoki, jirani yangu wa meza, habari za saratani. Nikatia chumvi. Masikini, chapati yake ikapoa. Naye kaandika barua. Nilimhurumia, ila si sana.

Ijumaa, 7 Machi
Lo! Madam kaleta mkaguzi kutoka Mombasa, Bwana Maundu, na kipimo chake. Kapima kila meza. Akasema watafiti bado wanabishana, lakini miale ya hapa iko chini kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Kasyoki akatetemeka vilevile. Nami nikatetemeka, kwa bidii. Kisha mkaguzi akafungua chumba cha mitambo. Nilisahau! Mitambo ina AC, baridi pekee ya bure Voi nzima, nami hulala humo kila saa ya chakula. Mkeka wangu! Mto wangu! Kandambili zangu! Madam akavitazama weee.

"Hudson, hii saratani unaiogopa ukiwa macho tu?"

Jumatatu, 10 Machi
Siamini. Kasyoki kapewa Taveta! Madam anasema miale haina neno, ila mama wa watu hapati usingizi, heri akae mbali na ukuta ule. Kasyoki! Hana hata shangazi kule! Kaja kunishukuru, machozi yakimlenga, na kuniuliza kama Mahoo kuna nyumba za kupanga. Nikampigia Wakio. Akasema Elsie ameshawaambia wenzake shuleni kwamba baba anarudi. Nimeumia.

Jumanne, 11 Machi
Chumba kina kufuli mpya. Joto si joto. Nimeandika barua nyingine: kulala kwenye baridi ya AC miaka minne kumeniharibu kifua, nahitaji hewa ya Taveta. Safari hii ushahidi Madam kauona mwenyewe! Sasa natafuta mtu wa pili. Derrick, karani mpya, leo amekohoa mara mbili.