Bwawa Lifukiwe, Tena Upesi

Kwa Mheshimiwa Meya na Waheshimiwa Madiwani wote wa Baraza la Jiji,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na viti vyenu vingali vinazunguka. Mimi ni fundi viatu mstaafu, nakaa mtaa wa nyuma ya bwawa la kuogelea, na darasa la nne nililimaliza kwa kusukumwa. Nimesoma tangazo mlilobandika getini, kwamba Baraza linatafakari kama bwawa la umma likarabatiwe au lifukiwe liwe maegesho ya magari yenu, na kwamba sisi wananchi tutumbukize maoni kwenye sanduku la mbao kabla ya Ijumaa. Maoni yangu ni haya: fukieni. Msisite. Sababu nimezipa namba ili msipotee njiani.

1. Bwawa linavunja heshima. Mkubwa ni mkubwa kwa koti lake. Wiki jana nilimwona bwana afya, yule anayefunga vibanda vya chakula, amesimama kwenye ngazi ya bwawa na kaptula ya maua, anatetemeka, anauliza kama maji ni ya baridi. Mama mmoja aliyefungiwa kibanda mwezi uliopita alikuwa tayari ndani, maji shingoni. Akamjibu, "Ingia tu baba, huku hakuna leseni." Watu wakacheka mpaka maji yakapata mawimbi. Sasa nawauliza, kesho atamfungia nani? Serikali husimama kwa suruali ndefu.

2. Bwawa limeharibu nyumba yangu. Mke wangu alipigwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita, mguu wa kushoto ukagoma. Akawa mtu wa kiti, pale dirishani, nami nikawa mfalme: redio yangu, sukari yangu, uongo wangu kuhusu nilikotoka. Halafu nesi akaja na habari za maji. Tangu hapo kila Jumanne na Alhamisi mama watoto anashuka ngazi, anaiacha bakora ukingoni, maji yanamfika kifuani, anatembea toka upande huu hadi ule kama mkaguzi wa shule. Na ubaya hauna haraka: taratibu akaanza kutembea hata nchi kavu. Juzi kanikuta jikoni, kidole kimo ndani ya kopo la sukari, na daktari alishanikataza. "Mzee wangu, hicho kidole kinapima nini?" Lifukieni bwawa arudi kitini. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na huyu wa kwangu ameshapona mguu.

3. Ajira. Kabla hamjafungua bwawa bure kila Jumamosi, watoto wa mtaa walikuwa wakiogelea kwenye shimo la zamani la kokoto, na kila msimu wa mvua shimo lilibaki na mmoja wao. Seremala wa pale kona hakukosa kazi. Vipimo vyao alikuwa navyo kichwani. Leo anachonga vigoda na kupiga miayo. Kila mkisimama jukwaani mnaahidi kazi, basi mrudishieni huyu ya kwake. Hili nalisema kwa ujuzi. Mdogo wangu wa tumbo moja alikwenda pale shimoni tukiwa wadogo, na kilichorudi nyumbani ni shati. Alikuwa amelikunja vizuri juu ya jiwe. Tangu siku hiyo mimi nayajua maji ya kunywa na ya kunawa, basi.

4. Pampu. Imekufa mara saba, na mara saba mtunza bwawa ameifufua kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mhandisi wenu alikuja, akaichungulia, akaandika. Akarudi na mwenzake, naye akaandika. Mtu wa mpira anawaaibisha watu wa kalamu, na watoto wanaona.

5. Magari yenu yanateseka. Nimeyaona mbele ya ofisi yamesimama juani, dereva mmoja amelifunika la bosi wake kwa mkeka kama mgonjwa. Wakati huohuo watoto mia wamejilaza kwenye maji ya baridi. Haki iko wapi? Ila nawaonya, bwawa moja halitatosha, maana magari huzaana. Mwakani vunjeni maktaba. Wanaosoma ndio haohao wanaouliza maswali. Kisha zahanati, kwani pasipo zahanati hakuna mgonjwa aliyeandikishwa. Mwisho tuondoeni sisi wenyewe. Jiji lisilo na wakazi halina malalamiko, na kila mtu, yaani ninyi, ataegesha anapotaka.

Naishia hapo kwa adabu yote niliyobakiwa nayo. Nisalimieni makarani, madereva, na yule mama anayewachemshia chai, maana ndiye pekee ninayesikia kwamba humaliza kazi yake.

Mtiifu wenu inapobidi,
Mzee wa Viatu, nyuma ya bwawa

Nyongeza: Nimempa mke wangu barua hii anisahihishie, kwa kuwa yeye alifika darasa la nane. Ameisomea hapa ukingoni, miguu ikiwa majini, na hakucheka hata kidogo. Amesema nisipousema ukweli atausema yeye. Haya. Na mimi huwa naingia. Huu mwezi wa pili mwalimu wa kuogelea ananifunga kamba kiunoni, anatembea ukingoni ameishika, nami napigapiga maji kama mbuzi anayepelekwa mnadani, maana bila kamba siachii ukuta. Sasa mke wangu ananiambia kwamba Alhamisi mbili zilizopita mwalimu aliiachia kamba, akasimama kupiga soga na mtunza bwawa, nami nikavuka bwawa zima na kurudi, kamba ikinifuata nyuma kama mkia. Wote waliona, wakanifichia.

Kwa hiyo namba moja hadi tano zifuteni. Ningeandika upya, lakini karatasi imeisha na leo ni Alhamisi, sanduku mnalichukua kesho. Kama mmeshaamua, leteni udongo wenu Jumanne saa kumi. Mtamkuta mama watoto upande wa kina kifupi, na mimi pale katikati, bila kamba. Mwageni taratibu. Hatutoki.