Kichwa cha Beberu na Baba Mkwe

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, katikati ya soko la Ngamiani, mbele ya baba mkwe. Nawaandikieni ninyi mlioko Korogwe mapema, kabla habari haijapanda gari moshi ikawafikia imeota mikia.

Kazi yangu mnaijua. Namsaidia daktari wa wanyama, Mzungu mmoja mpole, kwenye chumba chake cha hadubini. Siku hizi ameshikwa na mambo ya ubongo. Anataka kujua mnyama anaambiwa na nani kwamba wakati wa kuzaa umefika. Asubuhi alinichorea ubaoni. Chini ya ubongo kuna kitezi kidogo, kama punje ya mbaazi, kinaning'inia. Chembe za ubongo zilizo juu yake, anavyodhani, hutoa kitu kibichi kwanza, kisha kitu hicho huandaliwa humohumo kabla ya kutumwa kwenye kitezi. Kitezi nacho hutia dawa yake kwenye damu, na damu huipeleka chini, mnakokujua.

"Kinaandaliwaje, Bwana?" nikauliza.

"Hicho ndicho nisichokijua. Niletee kichwa."

Kichwa chenyewe kiwe cha beberu. Awe amepevuka, asiwe maksai aliyehasiwa. Kipasuliwe palepale buchani, nitoe kile kipande na kukitia kwenye chupa ya dawa kabla hakijaharibika. Nikaitikia kama mtu aliyetumwa chumvi. (Mjinga mimi!)

Nikafika kwa Bakari muuza nyama. Watu wamejaa, wanangoja zamu.

"Nataka kichwa cha beberu," nikasema. "Lakini beberu kamili. Maksai sitaki."

Bakari akaacha kunoa kisu. "Yakhe, kichwa ni supu tu. Cha maksai kina kasoro gani?"

Hapo ningenyamaza. Lakini mwenzenu nilikuwa na elimu (elimu ya asubuhi ileile), na elimu mpya inawasha. Nikamweleza kwa sauti ya ualimu. "Supu sitaki. Nataka kitezi kilicho chini ya ubongo. Hicho ndicho kinachoamrisha mambo ya uzazi. Kikilala hicho, na beberu analala."

Soko zima likanigeukia.

"Na binadamu naye anacho?" akauliza mtu nyuma yangu.

"Anacho."

"Basi na mimi nikatie!"

Wakaangua kicheko. Bakari hakucheka. Aliniinamia kama anayenipa mkono wa tanzia, akaninong'oneza, nusu ya soko ikasikia. "Ungesema tangu mwanzo, ndugu yangu. Umeoa juzijuzi tu. Mambo haya hutokea."

"Si changu mimi! Ni cha daktari!"

"Kumbe na daktari naye?"

(Masikini bosi wangu. Ana watoto wanne!)

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyonihurumia. Mama mmoja akanipisha nisimame kivulini. Bakari akapasua kichwa, nami nikachuchumaa na chupa yangu, nachokoa kile kipunje huku jasho linanitoka. Ndipo nikahisi mkono begani. Nikageuka.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Kombo, baba yake Mwanahawa, mke wangu! Yeye anakaa Moa, na leo kaja mjini kuuza nazi bila mimi kujua. Tangu harusi hajanipa zaidi ya salamu. Binti yake alimtakia mtu mwenye mashamba, akapata mtu wa kuosha vichupa. Na mnajua kwetu, bwana harusi akionekana ana ila, wakwe humrudisha mtoto wao nyumbani. Niliiona ndoa yangu ikipanda basi la Moa.

"Baba, hiki ni cha kutazamwa kwa hadubini," nikajitetea.

"Kutazamwa tu?"

"Ndiyo, baba."

"Hukili?"

"Sikili, baba."

Akashusha pumzi. "Mwanangu, kukitazama hakutakusaidia."

Bakari sasa akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

Mzee akanivuta kando, nyuma ya magunia ya mihogo. Baba mkwe hazungumzi mambo haya na mkwewe, haijapata kuwa. Leo yamezungumzwa. "Usione haya," akasema taratibu, anatazama chini. "Mwaka wangu wa kwanza na mama yake Mwanahawa, mimi pia nililala. Sijamwambia mtu."

Niambieni, ningesema nini? Nikikubali, nimejipaka tope. Nikikataa, nimemwacha mzee wa watu uchi peke yake. Nilimwonea huruma, nikainamisha kichwa. "Ahsante, baba," nikasema.

Daktari alikifurahia kitezi chake sana, hakuinua macho kwenye hadubini. Mimi nikarudi nyumbani Nguvumali na kukuta harufu ya supu imejaa ua mzima. Mwanahawa alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtiririka kwa kicheko. Jirani alishampasha yote kabla sijafika.

"Baba kaleta pweza, ati huamsha aliyelala," akasema alipopata pumzi. "Kaagiza ule peke yako, na sahani uirambe."

Nikala. Nikaramba sahani.

Nyinyi nichekeni mpaka mchoke. Ila mkikutana na Mzee Kombo, nawasihi, msimwambie ukweli. Ndiyo kwanza ameanza kunipenda.